Kompyuta Yenye Kazi Nyumbani: Hoja Kutoka Moi's Bridge

Mzazi anayeuliza jinsi ya kumfanya mwanawe aitumie vyema kompyuta ya nyumbani kwa kawaida hujibiwa kwa saa: mruhusu saa moja, izime saa mbili usiku, mfungie tovuti fulani. Jibu hilo lina nafasi yake, lakini linaliruka swali ambalo kwangu ndilo kuu: kompyuta hiyo ina kazi gani katika nyumba ile? Ninadai kwamba mtoto huitumia kompyuta kwa manufaa pale ambapo kuna shughuli ya kweli ya nyumbani inayoitegemea, na watu wazima wanaoyasubiri matokeo. Mfano wangu ni Moi's Bridge, mji wa mahindi ulioko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, ambako shughuli kama hiyo haitafutwi mbali.

Ushahidi wenye uzito zaidi ninaoujua kuhusu kompyuta za nyumbani unatoka Romania. Mwaka 2004 serikali ya huko ilianzisha mpango wa Euro 200, ambapo familia za kipato cha chini zilipewa vocha ya yuro 200 ya kununulia kompyuta. Fedha hazikutosha wote, hivyo ukawekwa mpaka wa kipato: walio chini yake wakapata, waliouzidi kidogo wakakosa. Ofer Malamud na Cristian Pop-Eleches waliwalinganisha watoto wa pande zote mbili za mpaka huo, yaani watoto wanaofanana karibu kwa kila kitu isipokuwa kompyuta, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Waliopata kompyuta walikuwa stadi zaidi wa kuitumia, na kuna dalili kwamba hata uwezo wao wa kutatua mafumbo ya maumbo uliongezeka. Alama zao za shuleni, hata hivyo, zilishuka. Ni familia chache zilizonunua programu za kujifunzia. Kompyuta nyingi ziliishia kuwa za michezo.

Watafiti hao waliona pia kwamba kanuni za wazazi kuhusu kazi za shule na matumizi ya kompyuta zilipunguza athari za kuwa na kompyuta nyumbani. Wengi huusoma utafiti huu na kuhitimisha kwamba kanuni ndiyo dawa. Mimi nausoma kwa tahadhari zaidi. Kanuni hupunguza. Humwondoa mtoto kwenye mchezo saa mbili usiku, lakini haimwambii afanye nini saa moja na nusu. Huko California, Robert Fairlie na Jonathan Robinson waliwagawia kompyuta baadhi ya wanafunzi 1,123 ambao hawakuwa nazo nyumbani. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, alama hazikupanda wala hazikushuka. Peru nayo iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule, na tathmini ya mwaka 2012 haikuona maendeleo katika hisabati wala lugha. Popote ambapo kifaa kilitangulia na kazi ikaachwa ijitafutie njia, tija ya masomo ilikuwa haba.

Kenya tumeijua hadithi hii kwa njia yetu wenyewe. Ahadi ya mwaka 2013 ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilipitia mivutano ya zabuni, na hatimaye mwaka 2016 ikageuka kuwa vishikwambi vya shule. Chuo Kikuu cha Moi kilicho hapa Uasin Gishu, pamoja na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuvisambaza. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Lakini vilikuwa mali ya shule, na hofu ya wizi iliviweka kabatini. Nyumbani hapakuguswa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 8.8 tu ya kaya nchini zilizokuwa na kompyuta ya aina yoyote, kishikwambi kikiwemo.

Katika mji kama Moi's Bridge, kompyuta ya nyumbani kwa kawaida ni ya mkono wa pili, ile iitwayo ex-UK. Intaneti ni ya kuazima kutoka kwa simu ya mzazi, na bando likiisha, imeisha. Kwa hiyo mashine hutumika zaidi bila mtandao, na kisicho cha mtandao kinachopatikana kwa urahisi ni filamu zilizojazwa kwenye flashi na michezo ya magari na mpira. Mzazi huona uvivu wa mtoto. Mimi naona mashine ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuipa kazi nyingine. Programu zisizohitaji bando zipo na ni za bure: LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, Kolibri ya masomo, na Scratch, ambayo mtoto huitumia kuunda michezo yake mwenyewe na ambayo ina Kiswahili. Mtu akizipakua mara moja, zinaweza kupita kwenye flashi zile zile zinazobeba filamu.

Lazima niseme jambo kuhusu mtaala wa umilisi, CBC. Mtaala huu ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, na unamtaka mzazi awe mshiriki. Ni wazo zuri ambalo limeharibiwa na mazoea. Katika nyumba nyingi ushiriki huo umekuwa safari ya jioni kwenda saiba kuchapisha picha za wanyama au za viongozi. Mzazi analipa, kijana wa saiba anatafuta picha na kubonyeza, mtoto amesimama kando akiangalia. Kazi ya kidijitali imefanyika na mtoto hajagusa kibodi! Hili linaniuma, kwa sababu ni fursa inayopotea ilhali mzazi ameilipia.

Sasa tuje kwenye mahindi. Kila mtu Moi's Bridge anayajua maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, na anajua kwamba bodi hununua mahindi ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 13.5. Wanaojua maana ya namba hiyo kwa gunia la nyumbani kwao ni wachache. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18. Punje kavu ndani yake ni asilimia 82, yaani kilo 73.8, kilichobaki ni maji. Ukianika hadi asilimia 13.5, zile kilo 73.8 sasa zinakuwa asilimia 86.5 ya uzito mzima, na gunia linabaki na kilo 85.3. Limepungua karibu kilo 4.7 bila punje hata moja kuibwa. Magunia 20 yatapungua kwa zaidi ya kilo 90, gunia zima. Je, familia imuuzie dalali mahindi mabichi langoni kwa bei ya chini leo, au ianike, ipoteze gunia moja kati ya 20, na kuuza makavu kwa bei ya juu? Jibu hubadilika kila bei inapobadilika. Mtoto wa gredi ya 7 anaweza kuandika fomyula hiyo mara moja katika jedwali la LibreOffice, kisha kila jioni akabadilisha namba mbili tu, bei na unyevu, na jedwali likamjibu baba yake.

Hapo ndipo mtoto anapovuka kutoka kutazama hadi kutengeneza. Atajifunza kwamba kosa dogo katika kisanduku kimoja huharibu safu nzima, kwamba namba lazima itoke mahali panapoaminika, kwamba faili isiyohifadhiwa hupotea. Atalazimika kujua unyevu unapimwaje: chumvi kavu ikitikiswa na punje ndani ya chupa kavu na ikashika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi, lakini kipimo halisi kinahitaji mashine. Atauliza kwa nini kipimo cha bodi kinatofautiana na cha dalali. Watafiti hawajalipima jedwali langu la mahindi, wala sidai hivyo. Nadai kwamba lina kile kilichokosekana Romania na California, yaani mtu anayelihitaji jibu.

Pingamizi zito zaidi nililokutana nalo si la kielimu. Ni la siri. Wakulima wengi hawataki mtoto ajue deni la mbolea, karo iliyobaki au bei halisi ya kuuzia, na katika nyumba nyingine hata mama haambiwi. Jedwali lililo wazi sebuleni hubadilisha nani anajua nini, na sioni busara kujifanya kwamba hilo ni jambo dogo. Ushauri wangu ni kuanza na yasiyo siri: mvua, uzito, unyevu, bei zinazotangazwa hadharani. Mambo ya deni yatakuja yenyewe iwapo wazazi watayaruhusu, na mama aliyezoea kusoma safu za mvua hatashindwa kusoma safu za matumizi.

Wengine wataniambia namnyima mtoto mchezo na kumgeuza karani. Sivyo. Michezo ibaki, tena mtoto anayejenga mchezo wake kwa Scratch anafanya kazi ngumu kuliko jedwali langu. Linalonisumbua zaidi ni nani anayekalia kiti. Msichana akiwa jikoni jioni nzima na kaka yake akiwa kwenye kompyuta, mpango wowote wa matumizi bora utamnufaisha kaka. Zamu iandikwe, na kazi za jikoni ziingizwe katika zamu hiyo hiyo.

Shule inaweza kuyapa haya uzito kwa njia iliyo mkononi mwake. Katika tathmini ya mwisho wa shule ya msingi, KPSEA, mtihani wa gredi ya 6 huchukua asilimia 40 tu. Asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni, na miradi ni sehemu ya tathmini hizo. Mwalimu wa kilimo anaweza kuupokea mradi wa rekodi za shamba kutoka kwa mtoto mwenye kompyuta na kutoka kwa mwenye daftari, akawapanga wawili wawili ili kompyuta moja ihudumie nyumba mbili. Kalenda inasaidia: kupanda huanza Machi na Aprili, mbolea ya kukuzia hufuata, na mavuno huangukia mwishoni mwa mwaka. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba, ambayo wazazi huilalamikia zaidi kwa watoto kukesha mbele ya skrini, ndiyo miezi ambayo mahindi yako juani kwenye turubai na familia bado haijaamua kama itauza au itaweka.