Elimu ya awali (Tanzania)

Elimu ya awali nchini Tanzania ni hatua ya kwanza ya elimu rasmi, inayomwandaa mtoto kuanza darasa la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua rasmi, na sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Madarasa yake mengi yako ndani ya shule za msingi za serikali, ambako lugha ya kufundishia ni Kiswahili.

Ujifunzaji hufanyika zaidi kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo. Mtoto huhesabu kwa vizibo vya chupa, vijiti au mbegu, hufinyanga maumbo kwa udongo, na hupangwa kwenye kona za ujifunzaji. Shughuli hizo hukuza mwili, akili, lugha, hisia na uhusiano na wenzake, pamoja na tabia za usafi kama kunawa mikono. Hatua hii hujenga msingi wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK), zinazosisitizwa katika darasa la kwanza na la pili.