Texas: Asilimia 10 bora na rangi isiyotajwa

Mwaka 1996, katika kesi ya Hopwood iliyohusu kitivo cha sheria, Mahakama ya Rufaa ya Marekani ilivizuia vyuo vikuu vya umma vya Texas kuzingatia rangi ya mwombaji. Mwaka uliofuata, bunge la jimbo hilo lilimhakikishia nafasi katika vyuo hivyo kila mwanafunzi aliyekuwa miongoni mwa asilimia 10 bora ya darasa lake la mwisho la shule ya upili.

Sheria hiyo haitaji rangi. Nguvu yake, jambo lisilo la kujivunia, inatokana na ubaguzi wa makazi: mitaa imegawanyika, shule nazo zimegawanyika vivyo hivyo, na kila shule, hata ya mtaa maskini, ina vinara wake. Lakini haivisaidii vitivo vya sheria na udaktari, vinavyopokea wenye shahada ya kwanza.

Mahakama ya Juu iliruhusu rangi izingatiwe kwa kiasi mwaka 2003, kisha ikaikataza Juni 29, 2023 katika kesi za Harvard na North Carolina. Hata hivyo, mwombaji angali huru kueleza katika insha yake jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake.