Rangi Ambazo Kamera Haikuziona

Ukitazama picha za kale za Wajaluo, macho hukimbilia mapambo: shanga shingoni, vikuku vya chuma mikononi, kofia za wazee zilizopambwa kwa meno ya kiboko. Sasa hebu jiulize, shanga hizo zilikuwa za rangi gani? Hapo utakwama.

Shida si kwamba picha ni nyeusi na nyeupe tu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wapiga picha wengi bado walitumia vioo vilivyopakwa chumvi za fedha, madini yaleyale ya mkufu na pete. Chumvi hizo ziliupokea upesi mwanga wa buluu, lakini wekundu haukuzigusa sana. Kwa hivyo shanga ya buluu ilitoka karibu nyeupe, na nyekundu ikatoka nyeusi kama makaa. Yaani ukiziamini picha hizo, utadhani bibi zetu walivaa rangi ambazo hawakuvaa.

Waliopiga walikuwa wageni. C. W. Hobley, ofisa wa kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu watu wa huku mwaka 1902 na kukiita *Eastern Uganda*, kwa sababu hadi mwaka huo ufuo wetu ulihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1936 akaja mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard. Alikaa wiki kama sita, akaondoka na picha ambazo leo ziko Makavazi ya Pitt Rivers, Oxford.

Halafu kuna tigo, shanga za kiunoni. Hizo zilikuwa siri ya mwanamke na mumewe. Mpiga picha aliona za shingoni akadhani ameona zote.

Lakini kinachoniuma zaidi ya rangi ni majina. Katika picha nyingi za enzi hizo, pambo linaelezwa, mvaaji anaitwa "mwanamke Mjaluo" basi. Ndiyo maana naupenda mradi wa Paro Manene. Mwaka 2007, Gilbert Oteyo na Christopher Morton walizirudisha nakala za picha hizo Nyanza na kuzionyesha kwa jamii zenyewe. Oxford picha ni kumbukumbu ya utafiti. Huku inaweza kuwa nyanya ya mtu.

Leo kila mtu ana kamera mfukoni. Tunapiga herini na bangili juu ya kitambaa cheupe, mwanga safi, rangi zote zimetokea, tunaposti tuuze. Poa. Ila vidole vilivyotunga shanga hizo havimo, wala jina la mwenye navyo. Miaka mia ijayo mtu atajua wekundu wa shanga zetu bila kujua ni za nani.

Kama nyanyako bado yupo na ana shanga zake, mpige picha amezivaa, akikubali. Muulize alizipata wapi na nani alimpa. Kisha andika jina lake lote, na la Kijaluo pia.