Mlio wa difu na barabara ya Zambia

Wiki jana nilikuwa Moro kikazi, na nimerudi na hadithi ambayo haikuwa kwenye mpango wa mhariri wangu. Nilitumwa Mgeta kuandika habari za wakulima wa mboga. Ningeweza kupanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, lakini treni haipandi Uluguru. Nikaazima pikapu ya mjomba.

Nilipopita Mikese pikapu ikaanza kulia. Haikuwa inagonga wala kukwaruza. Ulikuwa mvumo mwembamba, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua, unaoanzia kilomita 60 kwa saa na kupanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Nikapandisha sauti ya redio. (Najua, msinicheke.)

Msamvu nikaulizia fundi, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyevuka miaka 70, gereji yake ni mwembe na benchi. Nikampa shikamoo, nikaanza kumweleza kwamba nadhani ni matairi. Akanikatisha: "Zima redio kwanza, mwanangu. Halafu twende."

Kabla hatujaondoka alinitaka nikanyage mafuta gari likiwa limesimama. Kimya. Akasema basi mkanda, altaneta na pampu ya usukani tuviache. Tukashika barabara ya Iringa. Kwenye 60 mvumo ukaja. Akaniambia niweke fri, gari liserereke lenyewe. Mvumo ukafifia lakini haukufa, na injini ilikuwa imetulia, kwa hiyo injini nayo haimo. Barabara ilipokuwa nyeupe mbele na nyuma akaniambia niyumbishe gari taratibu kushoto na kulia. Beringi ya gurudumu ikiharibika, mara nyingi hulia zaidi uzito ukiielemea na kunyamaza ukihama. Yetu haikubadilika. Mwisho akasema nikanyage, niachie, nikanyage, niachie. Ikawa inalia na kushuka kufuata mguu wangu.

"Difu," akasema. "Na inalia njaa."

Mzee hakuwa amegusa hata spana, na nilipomuuliza alijifunzia wapi, hakutaja chuo. Akanyoosha kidole kwenye lami.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao Rhodesia. Zambia, isiyo na bahari, ilikuwa ikitegemea reli ya Rhodesia kutoa shaba na kuingiza mafuta. Mwezi uliofuata mafuta hayo yakakatika. Ndege zikaanza kubeba mapipa, lakini nchi haiendeshwi kwa mapipa ya ndege. Yakaingia malori: kutoka bandari ya Dar, kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, Tunduma, karibu kilomita 2,000 hadi Lusaka. Yalipeleka mafuta na kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya njia baada ya Morogoro ilikuwa udongo; kiangazi vumbi, masika tope, na malori yakilala mtaroni. Wazungu waliibandika jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na washirika wa Italia, zikaanzisha kampuni ya malori ya Fiat yenye trela.

Mzee wangu aliingia njia hiyo mwaka 1967 akiwa utingo. Sisi tukisikia utingo tunafikiria mtu wa kuweka gogo chini ya tairi. Anasema kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Dereva kule mbele anasikia injini tu. Kijana aliyelala juu ya mzigo ndiye anayesikia difu na beringi za trela. Akisikia mlio mgeni anagonga bodi, lori linasimama. Asiposikia, difu inakata huko Kitonga mnamopanda na mzigo, na mtakaa porini mpaka spea itoke Dar. Anakumbuka pia maji: difu iliyochemka ikizama ghafla kwenye mto baridi hunyonya maji, na oili hutoka kama chai ya maziwa.

Bomba la mafuta la kwenda Ndola lilikamilika 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia kwa sehemu kubwa, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. (Reli hiyo inapita Kidatu, mkoa huu huu, ila mji wa Morogoro haikuuona.) Mimi nilidhani baada ya hapo masikio yalipumzika. Kumbe. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia 1973, Jumuiya ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978, fedha za kigeni zikakauka. Magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Spea hakuna. Mpaka 1984, waliporuhusiwa wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, fundi aliyesubiri kitu kivunjike hakuwa na cha kukibadilishia. Ilibidi akijue kikiwa bado kinanung'unika.

Tukarudi kwenye mwembe. Difu ilikuwa ya moto hata huwezi kuishika, na mbele, propela inapoingilia, pamelowa oili. Akafungua nati ya kujazia, akaingiza kidole. Kidole kilitoka kikavu, wakati oili ilitakiwa kufika ukingoni mwa tundu. Nikadhani sili imezeeka tu. Yeye akapanda juu ya ekseli na kukwangua kitundu cha kupumulia, kilichozibwa na tope gumu. Difu ikipata moto hewa inatanuka. Isipopumua, inaisukuma oili ipite kwenye sili. Ukibadilisha sili tu, baada ya mwezi unarudi pale pale.

Kabla ya kufungua nati ya pinioni aliichora alama kwa patasi, ili arudishe mkazo ule ule wa beringi. Sili mpya, oili namba 90, saa mbili na nusu za kazi. Beringi, akasema, zimeshaonja njaa. Zitavuma kidogo, nisishangae, ila nisivuke mzigo.

Nikashika tena barabara ya Zambia hadi Mzumbe, nikakata kushoto kupanda Mgeta, redio imezimwa. Mvumo ulikuwepo, mdogo. Nyandira nilipofika nilishuka nikashika difu kwa kiganja. Ilikuwa vuguvugu tu.