Kipimo cha nyuklia chabaini mishipa ya moyo iliyo hatarini

Kwa miaka mingi madaktari wamepima ugonjwa wa kukakamaa kwa mishipa ya damu kwa kuangalia kiasi ambacho mshipa umeziba. Hata hivyo, imebainika kuwa mishtuko mingi ya moyo huanzia sehemu ambazo hazikuwa zimeziba sana. Kwa hiyo mtu anaweza kuelezwa kuwa mishipa yake inapitisha damu vizuri, na bado akapatwa na mshtuko muda mfupi baadaye.

Ugonjwa huo huanza pale lehemu inapojipenyeza katika ukuta wa ateri, yaani mshipa unaochukua damu kutoka kwenye moyo. Chembe nyeupe za damu huikimbilia, huimeza na hatimaye hufa, zikiacha utando laini wa mafuta uliofunikwa na ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ikichanika, damu huganda juu yake na kuziba mshipa ghafla. Likitokea hilo kwenye mishipa ya moyo huwa ni mshtuko wa moyo. Kwenye mishipa ya ubongo huwa ni kiharusi.

Ili kutofautisha utando ulio katika hali ya kuchachamaa na ule uliotulia, watafiti wamegeukia kipimo cha PET. Mgonjwa hudungwa sindano ya dawa yenye kiasi kidogo cha mionzi, kisha mashine huonyesha mahali dawa hiyo ilipokusanyika mwilini.

Dawa ya kwanza kutumika ilikuwa ya aina ya sukari, kwa kuwa chembe zinazopambana na lehemu hutumia sukari nyingi. Mwaka 2002 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwapima wagonjwa 8 waliokuwa wameonyesha dalili za kiharusi. Mshipa wa shingo uliosababisha dalili ulikusanya dawa hiyo kwa asilimia 27 zaidi ya mshipa wa upande wa pili.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Msuli wa moyo nao hutumia sukari, hivyo mng'ao wake huificha mishipa midogo inayoulisha.

Suluhisho lilipatikana katika floridi ya sodiamu, ambayo hunata kwenye punje changa za chokaa zinazojitokeza ndani ya utando uliochachamaa. Punje hizo ni ndogo mno kuonekana kwa kipimo cha kawaida cha CT. Chokaa kongwe na nene, ambayo CT huionyesha wazi, mara nyingi ni dalili ya utando uliokwisha kutulia.

Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh, Scotland, walitoa matokeo ya wagonjwa 40 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo. Kwa 37 kati yao, dawa hiyo ilikusanyika kwa wingi zaidi mahali palepale palipoleta mshtuko.

Swali lililobaki ni iwapo kipimo hicho kinaweza kubashiri yajayo. Utafiti wa wagonjwa 704 uliochapishwa mwaka 2023 ulitoa jibu la tahadhari. Wagonjwa ambao mishipa yao ilikusanya dawa kwa wingi walikabiliwa zaidi na kifo cha moyo au mshtuko mwingine. Lakini kipimo hakikuonyesha nani angehitaji kuzibuliwa mishipa kwa dharura.

Aidha, gharama ni kubwa. Mionzi ya dawa hizo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo haziwezi kuhifadhiwa ghalani. Ni lazima mtambo wa kuzitengeneza usiwe mbali na hospitali.

Kwa sababu hizo, kipimo hiki bado kinatumika zaidi katika utafiti kuliko katika tiba ya kila siku ya moyo. Kupima shinikizo la damu, sukari na lehemu, pamoja na kuacha sigara, ndizo hatua za kwanza za kujikinga, hata pale ambapo mashine ya PET haipo.