Nyumbu Wanapita, Gari Halipiti: Kwa Nini Safari ya Mara Lazima Izungukie Sirari

Kila mwaka Julai ikikaribia, kuna kundi la washkaji linakaa chini kupanga safari ya gari. Wanne, watano hivi. Wamekodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, jiko la gesi liko nyuma, maji madumu matatu. Mpango wao ni mtamu: waanzie Nairobi, walale Maasai Mara, kesho yake waingie Serengeti, watokee Mugumu, wapande milima ya Tarime mpaka Itiryo kwa bibi yake mmoja wao, halafu wamalizie Musoma kwa samaki wa ziwani.

Kwenye ramani ya simu ni kitu rahisi kabisa. Maasai Mara na Serengeti zimegusana, nyasi ni zile zile, wanyama ni wale wale. Halafu anatokea mtu mmoja anayejua anawaambia, jamani, hapo katikati hampiti.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mambo ya ushuru tu, au askari wanataka chochote. Hapana. Ni stori ya karibu miaka 50 iliyopita, na ni stori nzito.

Zamani njia ilikuwepo. Palikuwa na kituo kinaitwa Bologonja, kaskazini kabisa ya Serengeti. Miaka ya mwanzo ya 1970 watalii walikuwa wanatua Nairobi, wanapakiwa kwenye kombi zenye paa la kufunguka, wanapita Maasai Mara, wanavuka Bologonja, wanalala Lobo au Seronera, wanaenda Ngorongoro, kisha wanarudi Nairobi kupitia Namanga. Mzunguko mmoja, nchi mbili. Hoteli ya Lobo yenyewe ilijengwa juu ya miamba kule kaskazini, karibu na njia hiyo hiyo.

Sasa angalia hela ilivyokuwa inatembea. Ndege inatua Nairobi. Kombi ni ya Nairobi, dereva wa Nairobi, mafuta ya Nairobi, na mgeni ameshalipa kila kitu hukohuko. Tanzania inapata kiingilio cha geti na vitanda viwili vitatu vya usiku. Simba ni wa huku, risiti inakatwa kule. Serikali ya Mwalimu ilikuwa imeshajenga uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ili mgeni atue hapa moja kwa moja, lakini mazoea ya Nairobi hayakuvunjika kirahisi.

Mwaka 1977 ndo mambo yakaharibika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakufa, nchi zinagombania reli, bandari, mpaka ndege za shirika la pamoja. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ghafla. Kombi za Kenya zilizokutwa ndani zikakamatwa, pamoja na vindege vidogo vya watalii. Wageni wakajikuta wamekwama hifadhini, wanasubiri kutolewa bila gari walilokuja nalo. Fikiria umekuja kupiga picha za twiga, unageuka sehemu ya ugomvi wa majirani.

Mtu anaweza kusema Tanzania ilijikata mguu yenyewe, na kwa muda mfupi ni kweli. Watalii waliporomoka vibaya Serengeti. Hela ya kulinda hifadhi ikakauka, vita vya Uganda vikaja 1978, mafuta yakawa shida nchi nzima. Majangili wakapata nafasi, na faru wa Serengeti wakakaribia kuisha kabisa. Lakini lile swali la nani anafaidika na simba halikuwa la kijinga, na mpaka leo halina jibu jepesi.

Kuna upande ambao hausimuliwi sana, nao ni wa Wakurya. Mstari ule waliuchora Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, kutoka Pwani mpaka ziwani. Hawakumuuliza mtu yeyote Tarime. Ukoo mmoja ukabaki nusu Tanzania, nusu Kenya. Mpaka ulipofungwa, mtu wa vilima vya Tarime alikuwa na shangazi upande wa pili anayeona moshi wa jiko lake, ila kisheria hawezi kwenda msibani kwake. Kisheria, yani. Njia za panya hazikuwahi kufungwa. Ng'ombe na kahawa vilienda, sabuni na mafuta ya kupikia vikarudi, hasa miaka ile maduka ya Tanzania yalipokuwa rafu tupu. Serikali iliita magendo. Kina mama wengi waliita kuosha watoto.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Namanga ikafunguka, Sirari ikafunguka. Bologonja kwa watalii haikurudi. Wanaotaka ifunguliwe wanasema mzunguko ungekuwa mfupi na wageni wangeongezeka. Wanaopinga wanaona kitakachorudi ni 1976: mgeni alale Kenya, aje kutwa moja kutazama nyumbu, jioni arudi. Watu wa Tarime na Mugumu wana sababu yao ya ziada, maana gari linalozungukia Sirari linapita kwao. Linanunua mafuta, ndizi, nyama choma.

Kwa hiyo wale washkaji wanapanga upya. Wanatoka Maasai Mara kwa upande wa Lolgorien, wanapita kwa Wakurya wa Kenya, wanagonga mihuri Isebania na Sirari. Kumbe inakuwa bora zaidi: Itiryo kwa bibi inakuja kwanza, kwenye baridi na migomba, kabla ya vumbi. Kisha wanashuka kupitia Nyamongo kwenye dhahabu, wanavuka Mto Mara, wanafika Mugumu. Wakifika jioni walale hapohapo, wasikimbilie lango la Ikoma. Kibali cha Serengeti kinahesabiwa saa 24 na usiku hairuhusiwi kuendesha ndani, kwa hiyo ukiingia saa kumi na moja jioni umelipia giza. Na kama gari lina namba za Kenya, waulize tozo mapema, maana namba za nje zinalipishwa zaidi ya za Tanzania.