Mashine na Jamaa wa Mbali: Kusoma Hadithi za Kisayansi Tukiikumbuka Kudhaa

Wanafunzi wetu wakisikia hadithi ya kubuni ya kisayansi hufikiria roketi na vita vya sayari. Katika makala haya tunaonyesha kwamba hadithi fupi mashuhuri za utanzu huu zilikejeli zaidi uhusiano wa watu: mama na mwana, mume na mke.

Mwaka 1909 Mwingereza E. M. Forster alichapisha "The Machine Stops". Humo kila mtu anaishi peke yake katika chumba chini ya ardhi, na Mashine inamletea kila kitu. Kuno anamwomba mama yake, Vashti, waonane ana kwa ana. Mama anaona safari ni usumbufu, maana tayari wanaonana kwa Mashine. Njiani, mhudumu anapomshika ili asianguke, Vashti anakasirika: kugusana kumekwisha kuwa utovu wa adabu. Miaka 40 baadaye, Mmarekani Ray Bradbury aliandika "Marionettes, Inc." (1949). Mume aliyechoshwa na mapenzi ya mkewe anataka kununua sanamu inayofanana naye, imkalie nyumbani. Anagundua kuwa mkewe amemtangulia. Aliyelala kitandani ni mashine.

Sasa tuikumbuke Kudhaa, mojawapo ya Visiwa vya Bajuni, kusini mwa Kismayo. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa njia ya bahari hadi pwani ya Kenya. Baadhi yao walifika Uingereza baadaye. Jamaa waliotawanyika hivyo hujuliana hali kwa simu. Je, Forster anawacheka hao pia? Tunaona sivyo. Vashti anao uwezo wa kusafiri lakini hataki. Mkimbizi anataka, ila anazuiwa na vita, nauli na karatasi za mpakani. Kwa Vashti mashine ni kisingizio. Kwa mkimbizi ndiyo daraja pekee.

Hata hivyo, onyo la Forster halijaondoka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu hufikisha salamu na habari za msiba, lakini haimkalishi mtoto pembeni mwa bibi yake wakati nyavu zinaposhonwa. Lahaja huzoeleka katika kazi na mazungumzo kama hayo. Nayo Kibajuni imebeba uzito mkubwa: mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilijadili nafasi ya kuijua lahaja hiyo katika kuthibitisha kuwa mwomba hifadhi ni Mbajuni. Kwa hiyo, kukatika kwa mazungumzo ya nyumbani kunaweza kumgharimu mtu hifadhi yake.

Fasihi yetu nayo imeitumia safari ya anga kwa kejeli. Katika riwaya ya *Walenisi* (1995), Katama Mkangi anampeleka Dzombo, aliyehukumiwa kifo, hadi nchi ya mbali ambayo jina lake likitamkwa polepole husema "wale ni sisi". Tunapendekeza walimu waifundishe sambamba na hadithi hizo mbili, kisha wawaulize wanafunzi: katika kila kazi, ni nani aliyechagua umbali, na ni nani aliyelazimishwa?